Namna ya kusoma utafiti wa vipokezi vya ubongo na sonona ya uzazi: maelezo ya mkunga kwa wakunga

Maelezo haya nimewaandikia wakunga, manesi wa kliniki ya mama na mtoto, wanafunzi wa uuguzi, na yeyote aliyewahi kurushiwa kwenye simu habari yenye kichwa kama "Wanasayansi wagundua kinacholeta sonona." Mimi ni mkunga wa Tanga. Nimezalisha miaka mingi, na siku hizi nafundisha zaidi kuliko ninavyozalisha. Kila kundi jipya la wanafunzi halikosi mmoja wa kunifuata chumba cha chai, simu mkononi: "Sista, hii umeiona?" Nimeiona, mwanangu. Vuta kiti tuisome.

Tutasoma kazi ya mtu mmoja, Jamie Maguire, mtafiti wa ubongo aliyefanya sehemu ya kazi hii Los Angeles na baadaye akawa na maabara yake Chuo Kikuu cha Tufts, Boston. Nimemchagua kwa sababu anashughulika na mama aliyejifungua, yaani mtu wetu. Tena njia yake, kutoka kizimba cha panya hadi dripu ya binadamu, iko wazi kiasi kwamba unaweza kuifuata na penseli. Chukua penseli kweli, usichukue kalamu ya wino, utafuta sana.

Kipokezi kina jina kamili, lidai

Mtu akiandika "kipokezi cha GABA" akaishia hapo, bado hajakuambia kitu. GABA ni kemikali ambayo seli za ubongo hutumia kutulizana. Kipokezi ni protini ya kwenye seli inayoipokea kemikali kama hiyo. Kinachotuhusu, GABA-A, kina vipande vitano vilivyolizunguka tundu. GABA ikikishika, tundu hufunguka, kloridi yenye chaji hasi huingia ndani ya seli, na seli inakuwa nzito kuamshwa.

Vile vipande vitano havifanani kila mahali, na ndipo habari nyingi za mtandaoni zinapopotea. Vipokezi vyenye kipande kiitwacho gama-2 hukaa hasa pale seli mbili zinapokutana, na ndivyo vinavyoitikia diazepamu iliyopo kwenye trei yetu ya dharura. Vyenye kipande cha delta hukaa pembeni, nje ya makutano. Hivyo hushikwa na GABA kidogo inayozagaa, na hutuliza seli taratibu lakini muda wote. Diazepamu haviijui. Kinachovichochea kwa nguvu ni steroidi za ubongoni, na maarufu kati yake ni alopregnanoloni, ambayo mwili huitengeneza kutokana na projesteroni.

Hapo mkunga lazima ashtuke. Projesteroni ni homoni yetu sisi! Inapanda mimba nzima, na kondo likishatoka inaporomoka ndani ya siku chache. Alopregnanoloni inapanda nayo na kushuka nayo. Kwa hiyo ubongo wa mjamzito unakaa miezi ndani ya kitulizo kikali, kisha unanyang'anywa karibu kwa mkupuo. Ili mama asilale miezi tisa yote wala asiwehuke kondo linapotoka, vipokezi vyenyewe inabidi vibadilike. Kwa panya hilo limeonekana: wakiwa na mimba vipokezi vya delta hupungua, wakishazaa hurudi.

Basi andika juu ya ukurasa: GABA-A, kipande cha delta, kinaitikia alopregnanoloni, kinapungua mimbani na kurudi baada ya kuzaa. Mstari huo mmoja utakusaidia kuliko ukurasa mzima wa sifa za mtafiti.

Kizimbani kulifanyika nini

Mwaka 2008 Maguire na Istvan Mody, wakiwa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha katika jarida la Neuron kazi juu ya panya wenye upungufu wa jeni ya delta. Walitaka kujua: mama ambaye vipokezi vyake haviwezi kupungua na kurudi kama kawaida atakuwaje baada ya kuzaa?

Akawa vibaya. Viota vyake vilikuwa hovyo na vitoto vyake vilikufa zaidi. Alipopewa kuchagua kati ya maji matupu na maji ya sukari hakuvutiwa na sukari kama wenzake. Alipotiwa kwenye chombo cha maji aliacha kupapatika mapema. Wakampa THIP, dawa inayopendelea vipokezi vyenye delta, na malezi yakawa afadhali, vitoto vingi zaidi vikapona.

Mwanafunzi mmoja mkali aliwahi kuniuliza: "Sista, kama delta imeondolewa, hiyo THIP inashika nini?" Swali hilo lilinifurahisha mpaka nikamwagiza chapati. Jibu ni kwamba walikuwepo panya waliobakiwa na nakala moja ya jeni badala ya mbili. Hao wana vipokezi vya delta, ila vichache, na dawa ina pa kushika. Ukisoma utafiti wowote wa namna hii jizoeze kuuliza hivyo hivyo: kilichoondolewa kimeondolewa chote au nusu, na kilichorudishwa kimepita mlango upi?

Kuna mengine ya kutafuta ndani ya karatasi kabla hujaenda mbali. Walilinganishwa na nani? Ukiambiwa mama panya ana shida, tafuta kama panya jike ambaye hajazaa, mwenye upungufu ule ule, alipimwa pia, maana bila hivyo hujui kama shida ni ya uzazi au ni ya panya huyo tangu utoto wake. Na waliona nini kwa macho? Hapa nina maoni yangu na siyafichi. Kile kipimo cha kuogelesha panya sikiamini sana. Panya anayeacha kupapatika huenda amekata tamaa, na huenda amegundua tu kwamba akitulia anaelea. Kiota kilichotawanyika na kitoto kilichoachwa kwenye baridi nakielewa zaidi, kwa sababu hayo ni mambo ninayoyatazama wodini kwa sura nyingine: mtoto amefunikwa? Amenyonyeshwa? Mama anamwangalia usoni au anaangalia ukuta?

Usiandike kwenye daftari "panya mwenye sonona." Panya hawezi kukueleza anavyojiona. Andika alichofanya: hakujenga kiota, aliacha sukari.

Msongo unaingilia wapi

Sehemu hii ichore, usiisome tu. Juu kabisa weka haipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo, na ndani yake kundi la seli zinazotoa CRH, homoni inayoanzisha mwitikio wa msongo. Mshale ushuke kwenye tezi ya pituitari, kisha kwenye tezi za adrenali juu ya figo, na mwisho uandike kotisoli, homoni ya msongo. (Kwa panya homoni yenyewe ni kotikosteroni, lakini kazi ni ile ile.) Sasa chora breki kwenye zile seli za CRH na uipe jina GABA. Mtu akiwa ametulia, breki imekanyagwa.

Kabla hatujaendelea, acheni kuitukana kotisoli. Kuna majani ya chai yanauzwa mtandaoni ya "kusafisha kotisoli," na nimeona mpaka nesi mwenzetu akiyasambaza. Kotisoli ndiyo inayokuamsha alfajiri. Inapanda wakati wa uchungu na inatakiwa ipande. Na sisi wenyewe tunamchoma mama mwenye uchungu wa mapema deksamethasoni, ndugu yake kotisoli, ili mapafu ya mtoto yakomae. Shida huanza pale mshale uliouchora unapobaki umewaka wakati jambo lililouwasha limekwisha.

Maabara ya Maguire ilitoa mwaka 2011, katika Journal of Neuroscience, matokeo ambayo mimi nayaona ndiyo moyo wa habari yote. Walitumia steroidi ya ubongoni iitwayo THDOC, ya ukoo mmoja na alopregnanoloni. Kwa panya asiye na msongo, THDOC ilizituliza seli za CRH kama ilivyotarajiwa. Kwa panya aliyetoka kubanwa na msongo, THDOC ile ile ilizichochea. Breki ikawa mafuta.

Inawezekanaje? Kwa sababu ya protini nyingine kabisa, KCC2, ambayo kazi yake ni kutoa kloridi nje ya seli. Fikiria ngalawa inayoingiza maji huku mtu mmoja yuko mwishoni anayatoa kwa kopo. Abiria hata hawamwoni, lakini yeye akichoka kila kitu kinabadilika. Msongo unamlegeza KCC2. Kloridi inajaa ndani ya seli. Kipokezi cha GABA kikifunguka, kloridi haina tena haraka ya kuingia, hata inaweza kutoka, na ishara ya kutulia inageuka kuwa ishara ya kuamka. Kipokezi kiko pale pale, hakijaharibika, na homoni ipo. Kilichobadilika ni hali ya ndani ya seli inayoamua maana ya ishara.

Kwa hiyo katika mchoro wako, pembeni ya breki, ongeza KCC2. Mwaka 2018 maabara hiyo ilionyesha kwamba panya aliyeondolewa KCC2 kwenye seli za CRH peke yake alipata baada ya kuzaa dalili zinazofanana na zile za mwaka 2008: kulea vibaya na tabia za kukata tamaa. Seli za CRH tu, si ubongo mzima. Hiyo ndiyo hoja inayounganisha msongo, kipokezi na uzazi kwa uzi mmoja, na ndiyo inayopotea kabisa kwenye kichwa cha habari.

Ukifika kwa binadamu, soma namba kwa jozi

Hapa ndipo wanafunzi wangu wengi huteleza, nami huchukua muda mrefu kuliko kwingine kote.

Alopregnanoloni iliyotengenezwa kama dawa ya dripu inaitwa breksanoloni. Mwaka 2017 jarida la Lancet lilichapisha jaribio dogo la wanawake 21 wenye sonona kali baada ya kujifungua: 10 walipewa dawa, 11 plasebo, yaani dripu isiyo na dawa, saa 60 kwa wote. Ukali wa sonona ulipimwa kwa alama za Hamilton; zikishuka ni nafuu. Waliopata dawa walishuka alama 21.0. Ukiishia hapo utapiga vigelegele. Endelea: waliopata plasebo walishuka 8.8. Tofauti ni 12.2, bado kubwa.

Mwaka uliofuata, Lancet hiyo hiyo ilichapisha majaribio mawili makubwa zaidi. Katika la kwanza, la wanawake wenye sonona kali, kulikuwa na dozi mbili. Dozi ya juu ilishusha alama 17.7, dozi ya chini 19.5, plasebo 14.0. Katika la pili, la sonona ya wastani, dawa ilishusha 14.6 na plasebo 12.1. Fanya hesabu kwenye daftari: 3.7, 5.5, 2.5.

Umeona kilichotokea? Dawa ilishuka kiasi, na plasebo ikapanda. Wanawake waliotundikiwa maji yasiyo na dawa walishuka alama 12 hadi 14 ndani ya saa 60! Wataalamu wa takwimu watakuambia sehemu ya hilo ni kawaida, kwa kuwa mtu huingizwa kwenye jaribio akiwa katika hali yake mbaya kabisa, na kutoka hapo mara nyingi ni afadhali tu. Sawa. Lakini mimi mkunga naona na jingine: siku mbili na nusu kitandani, manesi wanapita, mtu anamuuliza mama anajisikiaje na kusubiri jibu, na hapiki wala hafui. Sidai kwamba ndiyo sababu yote. Nasema ukisoma mstari wa plasebo, usiuruke kama tangazo.

Faida ya breksanoloni iliyo dhahiri ni mwendo. Dawa za kawaida za sonona huchukua wiki kadhaa; hii ilionyesha tofauti ndani ya saa 60. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliipitisha Machi 2019, ikiwa ya kwanza kuidhinishwa mahususi kwa sonona ya baada ya kujifungua. Bei iliyotangazwa ilikuwa karibu dola 34,000 kwa mgonjwa mmoja, bila kitanda. Tena inaweza kumlevya mama hadi kupoteza fahamu ghafla, kwa hiyo alitakiwa awe chini ya uangalizi muda wote wa dripu na asiachwe peke yake na mtoto. Agosti 2023 kikapitishwa kidonge cha ukoo huo, zuranoloni: siku 14, kila jioni, na chakula chenye mafuta, na mtumiaji haruhusiwi kuendesha gari kwa saa 12 baada ya kumeza. Katika jaribio lake kubwa, siku ya 15, dawa ilishusha 15.6 na plasebo 11.6. Tofauti ni 4.0.

Majaribio haya yaligharamiwa na kampuni iliyotengeneza dawa hizo, Sage Therapeutics, na lile la kidonge na Biogen pia. Hilo halimaanishi ni uongo. Linamaanisha uandike jina la mlipaji kwenye daftari, pembeni ya namba.

Sasa, dawa kufanya kazi hakuthibitishi kwamba mama aliugua kwa upungufu wa alopregnanoloni. Wanaopima damu ya akina mama hawakukuta kila mara kwamba wenye sonona wanayo kidogo kuliko wenzao. Kuna jaribio la mwaka 2000 linaloeleza vizuri zaidi, na huwa nalisimulia darasani. Wanawake 16 wasio wajawazito walipewa homoni za kuigiza mimba, kisha zikakatwa. Nusu yao waliwahi kupata sonona ya uzazi, nusu hawakuwahi. Kati ya wanane waliowahi, watano walipata dalili. Kati ya wanane wengine, hakuna hata mmoja. Homoni zile zile, mshuko ule ule. Tofauti ilikuwa kwa yule anayezipokea.

Ukiulizwa na ndugu wa mgonjwa

Usiseme "kipokezi." Usiseme "homoni zimeharibika" pia, maana kesho watakuja kuomba kipimo cha homoni na watatozwa pesa bure.

Kliniki ya baada ya kujifungua anakuja binti na mama mkwe. Mtoto yuko mikononi mwa bibi, binti anaangalia sakafu. Nawasalimu, "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu. Huyu mwenzio sijui kapatwa na nini. Analia tu. Mimi nimezaa saba, sikulia hata mmoja. Watu wanasema kakumbwa." Sibishani na walichosema watu, nikibisha, kliniki ijayo hawaji. Nasema: "Bibi, miezi tisa mwili wake umezoea kitu cha kumtuliza, siku ile kondo lilipotoka kikaondoka. Wengine wanajipanga haraka, kama wewe. Wengine ubongo unachelewa, na ukiongeza kukosa usingizi na mawazo unachelewa zaidi. Si uvivu, na wala hamkatai mjukuu wako." Kisha nanyamaza. Mara nyingi binti ndiye anayeinua macho kwanza.

Hayo ni yote ambayo utafiti wa Maguire unaniruhusu kusema kwa uaminifu mbele ya familia, na yanatosha.

Halafu natumia arobaini. Kwetu mzazi hukandwa, hupikiwa uji wa pilipili manga, hukaa ndani. Sehemu iliyo nzuri ya mila hiyo ni kulala na kutoachwa peke yake, na hiyo naisukuma kwa nguvu: bibi, usiku mmoja mmoja mchukue mtoto akishanyonya, huyu apate usingizi wa mfululizo. Sehemu mbaya ni kwamba siku arobaini za ndani zinaweza kuuficha ugonjwa vizuri sana. Wageni wanakuja kumtazama mtoto, hakuna anayemuuliza mama.

Kwa hiyo muulize wewe. Maswali ya Edinburgh ya kutambua sonona ya uzazi, yaliyotungwa mwaka 1987, yako 10, yanahusu siku 7 zilizopita, na alama zake ni 0 hadi 30. Alama 13 na kuendelea mpeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili. Wengi wetu tunaanza kufuatilia kwa karibu kuanzia 10. Swali la 10 linauliza kuhusu kujidhuru. Mimi hulitazama hilo kabla sijajumlisha chochote, kwa sababu mama anaweza kuwa na jumla ndogo na jibu la kutisha hapo. Muulize akiwa peke yake. Mbele ya mkwe utapata majibu ya adabu.

Usichanganye mambo matatu. Machozi ya siku ya tatu hadi ya tano, yanayokuja na kuondoka na kuisha ndani ya wiki mbili, ni ya wengi. Mpe moyo na mfuatilie. Yakizidi wiki mbili, au yakija baadaye, hapo ndipo sonona. Na yule asiyelala kabisa lakini hachoki, anayesikia sauti, anayesema mtoto huyu amebadilishwa, huyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, hospitali, na mtoto asibaki naye peke yake. Ni mmoja au wawili kati ya wazazi 1,000, lakini ukizalisha miaka mingi utamkuta.

Kumbuka pia kwamba kuna tiba zisizotaja kipokezi hata kimoja. Mwaka 2008, mwaka ule ule wa panya wa Los Angeles, Atif Rahman na wenzake walichapisha jaribio kutoka vijijini Pakistan. Wahudumu wa afya wa jamii, wanawake wa kawaida waliopewa mafunzo, walikwenda nyumbani kwa wajawazito wenye sonona kuzungumza nao kwa mpangilio maalumu, mpaka baada ya kujifungua. Mtoto alipofika miezi 6, mama 23 kati ya 100 walikuwa bado na sonona. Kwa kundi la kulinganisha walikuwa 53. Namba hizi zinahesabu waliobaki na ugonjwa, si alama za Hamilton zilizoshuka, kwa hiyo usizipange safu moja na zile za dripu. Zipe ukurasa wake. Shirika la Afya Duniani limeuchukua mpango huo na kuusambaza, na kwa wodi isiyo na breksanoloni stoo, ukurasa huo ndio utakaofunguliwa mara nyingi.

Swali ambalo halikosekani

"Sista, kama shida ni GABA, kwa nini tusimpe diazepamu? Ipo."

Rudi kwenye mstari wa kwanza wa daftari. Diazepamu hushika vipokezi vyenye gama-2. Vile vya delta haviiitikii. Tena inapita kwenye maziwa na kumfanya mtoto awe mzito, anyonye kwa uvivu, na mama akiizoea kumtoa ni kazi. Kama daktari ameiandika kwa siku chache kwa sababu mama hajafumba jicho, fuata maandishi yake, mwangalie mtoto anavyonyonya, na uandike kwenye faili saa uliyompa. Usiianzishe mwenyewe. Na mama ambaye tayari yuko kwenye dawa ya sonona asiiache kwa sababu amesoma kwamba "kipokezi halisi kimegunduliwa Marekani." Mwambie aje nayo kliniki, dawa na hiyo habari vyote viwili, mvisome pamoja.